Visiki Vyenye Namba Kumi na Saba

Kituo cha Msitu,
4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Natumaini barua hii imekukuta na afya yako na kelele zako. Mimi bado nalalamika, kwa hiyo jua ni mzima. Magoti ya Mama yanasemaje na baridi hii? Mwambie kikohozi changu kimekwisha, asinitumie tena dawa ya watoto. Nilikunywa chupa nzima ili nimridhishe.

Simu huku bado ni pambo la mfukoni, ndiyo maana nakuandikia. Barua naitia kwenye mfuko wa ofisi pamoja na zile rasmi, na juu yake nimeandika BINAFSI kwa herufi kubwa. Akiifungua mwingine, basi ni mtu asiyejua kusoma, au anayejua kupita kiasi.

Sasa nije kwenye linaloninyima raha. Msitu unaibiwa, na anayeuiba anaijua kalenda yangu. Hali yetu unaifahamu: mimi, askari mmoja na pikipiki moja, kwa msitu ambao kuuzunguka ni siku tatu. Mwanzo nilidhani wezi wana bahati. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kaskazini tarehe kumi na mbili, wakakata kusini tarehe kumi na mbili. Nikaenda kusini tarehe ishirini, nikakuta jiko lao limepoa na kuni wamezipanga vizuri, kama watu waliofunga virago bila haraka. Hawa hawabahatishi. Kuna kitu wanakisoma.

Na cha kusoma ni kimoja tu. Ili nipate petroli, lazima nitume ratiba ya doria makao makuu wiki tatu kabla, siku na upande nitakaokwenda. Ratiba inakuja kwa mfuko huu huu. Mfuko unafunguliwa masjala, na karani wa masjala ni wewe. Sikutuhumu. Nakuuliza tu kama kaka: ikitoka kwako, inashikwa na nani?

Halafu ile rangi nyekundu. Kanuni inasema kila kisiki cha mti ulioibwa kipakwe rangi na kupewa namba. Nimeomba rangi tangu mwaka juzi, barua juu ya barua. Kopo nililonunua mwenyewe liliisha siku ya kumi na moja. Sijapata hata jibu la kunikatalia. Wamekufa wote huko?

Kaka yako.


Makao Makuu, Masjala,
21 Februari

Kaka, shikamoo.

Mama anakula, analala, na anagombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ondoa hofu. Mimi pia mzima, ingawa nilikuwa mzima zaidi kabla ya kusoma barua yako.

Eti hunituhumu! Mtu asiyetuhumu hapangi maneno hivyo: mfuko, masjala, wewe. Haya, sikiliza. Ratiba ikifika naigonga muhuri wa kupokelewa, naiweka kwenye faili, na faili nalipeleka kwa Mkurugenzi Msaidizi, yule tunayemwita Bwana Nitaliangalia kwa sababu hana jibu jingine. Akishaweka sahihi, inakwenda karakana kwa mtunza petroli. Hapo mkono wangu umeisha. Kama kuna mwizi, mtafute nje ya mlango wangu.

Habari ya rangi inajulikana, usiniulize zaidi. Ila na wewe, barua zako rasmi! Mtu hamwandikii mkubwa wake "kwa kuwa kiti chako hakijibu kituo chochote, naomba nielekeze maombi kwa meza". Kwa maneno machache kuliko hayo, afisa wa kile kituo cha mtoni alipelekwa kuhesabu mbao ghalani, na mpaka leo anahesabu.

Sasa zamu yangu. Mtu aliyepita huko amemwonyesha Mama picha ya nyumba yako. Bati jipya la buluu, linang'aa. Mama amefurahi, ameita majirani wote, hata yule wa kamba. Mimi niliitazama picha mara mbili. Hapa tunasoma kila wiki taarifa za vituo ambako miti inapungua na nyumba ya afisa inanenepa. Bati limetoka wapi, kaka?

Mdogo wako.


Kituo cha Msitu,
9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na pikipiki ni mgonjwa kama kawaida. Msalimie Mama, na umwambie amwachie jirani hiyo kamba.

Bati ni la wafadhili. Walikuja na magari matatu, nikawaambia kituo hakivuji, tunachohitaji ni rangi, buti na petroli. Mkuu wao akanisikiliza kwa adabu sana, kisha akasema fungu lao linasema bati. Wakaezeka juu ya lile la zamani, wakasimamisha kibao kikubwa kuliko mlango, wakanipiga picha chini yake wakaondoka. Sasa mvua ikinyesha hatusikilizani humu ndani. Nilidhani ningekuambia nikija, tucheke. Sikujua nawe umeanza kunisoma kama taarifa ya kituo.

Tuyaache. Kwa kuwa rangi haikuja, na waraka wenu wa mwaka jana unatuamuru "kutumia vifaa vilivyopo", nimetumia kilichopo, yaani nyundo. Kichwa chake kimechongwa namba 17, ukiigonga kwenye mti namba inabaki. Mti wa halali hugongwa nyundo, na pembeni yake naandika namba ya kibali. Visiki vya wezi nimevigonga nyundo tupu, bila kibali, ili nisihesabu kisiki kimoja mara mbili. Nilijaribu alama ya panga, wakachonga juu yake. Nilijaribu mkaa, mvua ikauosha. Nyundo hawaiwezi. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nimefika visiki mia mbili na kumi na vinne, na kila kimoja najua kilipo.

Usidhani nimejiamulia tu. Novemba niliandika barua rasmi nikaeleza yote, na nikasema nisipojibiwa ndani ya siku thelathini nitahesabu nimeruhusiwa. Siku thelathini zikapita kimya, nikaanza kazi.

Wiki iliyopita wamekuja wakaguzi wanne. Niliwatembeza mwenyewe kisiki kwa kisiki, nikijisifu njia nzima. Walipiga picha nyingi na kusema maneno machache. Mmoja aliniomba niishike nyundo juu, akanipiga picha nayo. Niliwakaribisha maji, wakasema wana yao garini. Sikuipenda ile hali. Umesikia lolote?

Kaka yako.


Makao Makuu, Masjala,
17 Machi

Kaka, shikamoo. Salamu nyingine zisubiri.

Acha kugonga. Popote nyundo ilipo, ifungie kabatini leo.

Taarifa ya wakaguzi imepita mezani kwangu. Haisemi umehesabu visiki. Inasema miti mia mbili na kumi na minne imekatwa kwa idhini ya nyundo namba 17, bila vibali, na magogo yake hayajulikani yalikokwenda. Kwao, palipo na nyundo, mwenye nyundo ameruhusu. Na pasipo na kibali, ameruhusu kwa siri. Wewe unaona hesabu yako, wao wanaona sahihi yako. Wanataka kamati ya uchunguzi, na baada ya kamati, polisi.

Naandika nimefunga mlango. Nijibu jambo moja, na unijibu mimi, si ofisi. Kuna mtu aliyekupa chochote? Hata kiwe kidogo, hata iwe mara moja tu wakati wa shida. Niambie nijue nasimama wapi. Usinikasirikie. Mtu kuwagongea wezi nyundo ya serikali kwa sababu amekosa rangi! Habari hii ningeisikia kwa mwingine, ningecheka na nisingeamini.

Mdogo wako.


Kituo cha Msitu,
2 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima wa mwili. Sitakuuliza hali yako leo.

Umeniuliza kama nimepewa kitu. Miaka kumi na tisa nimelala kwenye kituo hiki, nimeumwa na siafu mahali ambapo siwezi kukuandikia, nimefukuzwa na watu wenye mapanga mara mbili, na wa kwanza kuniuliza swali hilo ni mtoto niliyembeba mgongoni. Jibu ni hapana. Sijapewa hata kiberiti.

Nilikaa siku nzima nikijiuliza kwa nini umeliuliza. Mwenye masjala ndiye anayeona kila karatasi. Barua yangu ya Novemba umeiona, au ulipaswa kuiona. Mtu aliyeiona barua ile asingeniuliza hivyo. Kuna kitu hukisemi, Chiriku, na wewe si mtu wa kutosema.

Wito wa kamati umefika. Ni tarehe kumi na nne Mei, ofisi ya kanda. Dereva anayebeba mfuko wa ofisi amenidokeza kwamba wakiamini taarifa ya wakaguzi, nitatoka pale na pingu. Mwenyekiti atataka kujua ni lini niliwaarifu wakubwa kuhusu nyundo. Nina nakala kwenye daftari langu, lakini daftari nimeliandika mwenyewe, litamsadikisha nani? Dereva naye husaini kwamba amebeba mfuko, hasaini kilichomo. Kinachoweza kuniokoa ni barua ile, ikiwa kwenye faili lenu na muhuri wenu wa Novemba. Itoe, itengenezee nakala, na uniambie umeipata.

Kaka yako.


Makao Makuu, Masjala,
29 Aprili

Kaka yangu, shikamoo.

Mama hajambo. Mimi sijambo pia, kama asiyekula naye huitwa hajambo.

Umesubiri karibu mwezi, na siku zote hizo nimekuwa nikifungua droo na kuifunga. Barua ya Novemba haimo kwenye faili. Hakuna barua yako hata moja ya rangi iliyomo. Zote kumi na moja ziko kwenye droo yangu ya chini, hazina muhuri, na Bwana Nitaliangalia hajawahi kuziona.

Ya kwanza niliifungua nikakutana na yale ya kiti na meza. Niliogopa. Nilisema nitakuandikia kwa upole uirudie, kisha kazi zikanizidi. Ikaja ya pili na ya tatu, kali kuliko ya kwanza. Nikamkumbuka yule anayehesabu mbao, nikaona na wewe utahamishwa kwa ajili ya makopo ya rangi, na Mama atalia. Kuanzia ya nne sikufungua tena. Ratiba huja wazi bila bahasha, kwa hiyo kila bahasha rasmi yenye mwandiko wako niliijua ni ya rangi, nikaitumbukiza. Ya Novemba imo humo, gundi yake haijaguswa. Laiti ningeisoma, ningekuja kwa miguu kukunyang'anya nyundo. Na nilipokuuliza kama umepewa kitu, nilijua barua zako ziko kwangu. Najionea aibu hata kuandika.

La ratiba nimelifuatilia mwenyewe mpaka mwisho. Hakuna aliyekuuza. Mtunza petroli huzibandika ratiba nje ya karakana, kwenye ubao ulio karibu na pampu, kwa sababu kuna agizo la uwazi kwamba kila lita ya umma ijulikane inakwenda wapi na siku gani. Za vituo vyote zipo pale, zimebanwa kwa pini, zinasomeka vizuri. Na malori ya mbao huegesha hapo hapo kuziba pancha.

Sasa sikia. Muhuri wangu wa kupokelea una vigurudumu vya tarehe, vinazungushwa kwa kidole. Kila barua naweza kuipa siku yake, na ya Novemba ikapata Novemba yake. Ni kazi ya dakika kumi, na hakuna atakayejua. Niambie ndiyo tu. Jibu mpe dereva mkononi, usilitie kwenye mfuko.

Mdogo wako, nisamehe.


Kituo cha Msitu,
5 Mei

Kwa Karani wa Masjala,

Barua yako nimeipata.

Usizungushe tarehe yoyote. Zipeleke kwenye kamati kama zilivyo, na useme zilikuwa wapi.

Sababu ya kwanza ni kwamba sitaki kuponea kwenye uongo. Ya pili nakuambia wazi: sikuamini. Mtu anayeweza kuzizuia barua zangu miaka miwili huku akiniandikia shikamoo, sijui kingine anachoweza. Unasema ulinihurumia. Labda. Labda pia kuna mkubwa aliyekuagiza zisifike, na huruma umeitafuta baadaye. Labda huo ubao wa karakana umeutunga ili niache kuuliza. Leo uko tayari kugeuza tarehe kwa faida yangu. Nitajuaje hukuwahi kuigeuza kwa faida ya mwingine? Siku tatu nimekaa na mawazo haya. Siyapendi, lakini hayaondoki.

Mama asiambiwe.

Afisa wa Kituo, nyundo na. 17.


Nyumbani,
16 Mei

Kaka, shikamoo.

Ulikuwepo, uliona, lakini ulipandishwa gari la kanda kabla sijakufikia, kwa hiyo nakuandikia. Mfuko wa ofisi sina tena, barua hii nimempa kondakta wa basi. Jana nimekabidhi funguo za masjala. Nimesimamishwa, na sidhani kama nitarudishwa. Mama nimemwambia ni likizo. Amenitazama, akasema likizo gani mtu analia akichambua mchele.

Nilifanya ulivyotaka. Nilizipanga mezani zote kumi na moja bila muhuri. Nilisema ziliingia siku zake na mimi ndiye niliyezizuia, na nikaeleza kwa nini. Ile ya Novemba waliifungua wao wenyewe, mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye siku thelathini nilidhani umepona. Hata yule mkaguzi wa picha aliinua macho.

Ndipo mwenyekiti akauliza huyu ni nani kwako. Nikasema ni kaka yangu. Akauliza, "Kwa hiyo ulizificha kwa sababu ni kaka yako?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akasema, "Basi na leo umezileta kwa sababu hiyo hiyo. Barua isiyo na muhuri inaweza kuwa imeandikwa hata juzi." Nimesema kweli tupu kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, na sikuaminiwa.

Lakini si yeye anayeniumiza. Wakati anasema vile nilikutazama, nikakuona unaitikia kwa kichwa. Nimejaribu kujiambia ulikuwa unaniitikia mimi, au shingo ilikuuma kwa safari. Kaka, ulikuwa unamkubali?

Mdogo wako.


Kituo cha Msitu,
30 Juni

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, na safari hii naomba kwa dhati kujua kama nawe ni mzima. Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja uamuzi, na kwa sababu ya swali lako.

Uamuzi umefika. Hawakunikuta na gogo wala senti, kwa hiyo polisi hapana. Nimeachishwa kazi kwa kutumia nyundo kinyume cha kanuni. Wamekuja kuichukua wenyewe, wameifunga kwenye kitambaa, na nimetia sahihi.

Sikia kilichofanywa na visiki vyangu. Kwa kuwa vina nyundo, vimeingizwa kwenye taarifa ya mwaka kama miti iliyovunwa kwa alama ya kituo. Kwenye safu ya miti iliyoibwa wameandika sifuri. Kituo hiki kimekuwa cha kwanza katika kanda kwa kutokuwa na wizi. Cheti kilikuja kwenye mfuko siku mbili baada ya barua yangu ya kuachishwa. Nimekiacha mezani kwa atakayenirithi, ambaye hajateuliwa. Askari wangu wamempeleka kwingine, pikipiki wameivuta. Jana mchana, nikifunga sanduku langu, nilisikia misumeno mashariki na magharibi kwa wakati mmoja. Nilitoka nje nikasimama pale uani nikisikiliza, sina pa kuripoti. Nililia, mdogo wangu. Nakuambia wewe, usimwambie mtu.

Sasa swali lako. Ndiyo, nilikuwa namkubali. Alisema maneno niliyokuwa nimeyabeba kifuani tangu Mei tano, na kichwa kikaitika chenyewe. Ulipoteza kazi mbele ya macho yangu ili kunitetea, na mimi nikawa upande wa mwenyekiti. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Nikirudi kutoka kwenye kamati siku ile, niliwaomba wenye gari la kanda wapitie karakana yenu. Ubao upo, na ratiba yangu ya Mei ilikuwa bado imebanwa pale, dereva wa lori ameegemea ukuta anakunywa soda kando yake. Kwa hiyo hilo ulisema kweli, nimeliona kwa macho. Lile jingine, kwamba uliziweka barua zangu gizani kwa kunipenda, halijabandikwa mahali nikalitazame. Kuna asubuhi naamka nimeliamini, na ikifika saa nne nimeshaanza tena kuhesabu, nani alikuagiza, kwa faida ya nani. Kazi hii imenifundisha kumshuku kila mtu, na sasa kazi imekwisha, tabia imebaki.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Sina kwingine pa kwenda, na hata ningekuwa napo ningekuja. Nitakuuliza tena kwa nini, Mama akiwa amekaa pale pale, na nitakuangalia usoni ukinijibu. Nataka sana nikuamini. Kwa karatasi nimeshindwa, kwa hiyo usiniandikie tena.

Kaka yako.